Kisu cha Ma Anastazia

Ma Anastazia hakusoma hata kimoja kati ya vitabu kumi na kimoja alivyoviamua. Hakujua kusoma. Tulimzika Kagoma Jumamosi iliyopita, katika kibanja cha mdogo wake, na padri akasema alikuwa mpishi hodari na mama wa sala. Yote mawili ni kweli. Lakini hakuna aliyesema pale kaburini, maana waliojua tulikuwa wawili tu, kwamba kwa miaka mingi mwanamke huyu ndiye aliyekuwa akiamua, katika jiko la nyuma la nyumba moja ya Rwamishenye, mjini Bukoba, mswada gani uwe kitabu na upi urudi kwa mwenyewe. Wa kwanza aliyejua ni Mzee Kaiza, aliyekuwa mwenye kampuni ile ndogo ya vitabu, na ambaye siku ya mazishi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. Wa pili ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma kwa sauti. Naandika haya kwa sababu ya mwaka mmoja, na katika mwaka huo kwa sababu ya karatasi moja.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shule niliiacha kidato cha pili, na yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi, kwa magazeti ya kufungia vitu dukani, na kwa tabia ambayo sijaiacha hadi leo, ya kuandika kila neno nisilolijua kwenye daftari na kulirudia mpaka niweze kulitumia bila kuona haya. Mzee Kaiza, mwalimu mstaafu, alinipa kazi baada ya kunisikiliza nikisoma ukurasa mmoja wa gazeti. "Unasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe," alisema. "Hulowi. Njoo Jumatatu." Kampuni yenyewe ilikuwa nyumba yake. Chumba cha mbele kilikuwa na meza na sanduku la bati la kuhifadhia miswada. Chumba cha kati kilikuwa na mashine ya taipu, mimi, na vitabu vilivyokataa kuuzika, vimepangwa ukutani hadi vikaziba nusu ya dirisha, kwa hiyo nilitaipu upande wenye mwanga tu. Cha tatu alilala Mzee. Jiko lilikuwa nje, banda la miti na udongo lenye paa la bati, na sakafu yake ilitandikwa nyasi ambazo Ma Anastazia alizibadilisha kila Jumamosi. Mgeni asingejua, lakini ofisi yenyewe ilikuwa pale.

Vile vitabu vilivyoziba dirisha vilikuwa kazi ya kwanza ya Mzee. Aliniambia habari yake wiki ile ile niliyoanza, akikigeuza kimoja mkononi kama mtu anayekagua kiatu kilichomchubua. "Kabla sijakichapisha niliwapa watu saba mswada wake wausome. Walimu, katekista, mchungaji wangu. Wote walisema nini? Kasinge! Hongera, umetuheshimisha. Sisi Wahaya tuna adabu mno, Projestus. Mtu hawezi kukaa kwenye kiti chako, akala ndizi zako, kisha akakwambia kitabu chako kinamchosha. Nimechapisha kitabu kizima kwa kasinge." Baadaye, msimu mmoja wa mvua, alipokuwa akisoma prufu, nakala za kusahihishia, za kitabu kingine jikoni kwa ajili ya joto la moto, akimsomea Ma Anastazia, mpishi wake, kidogo kidogo, aliona kitu. Ma Anastazia alikuwa akimenya ndizi za mchana. Kumenya kwake hakukuhitaji macho wala akili. Mkono ulikwenda wenyewe, ganda likadondoka, ndizi ikaingia kwenye maji. Lakini zilipofika sehemu fulani za kitabu, kisu kilisimama. Kilibaki ndani ya ganda, nusu ya njia, mpaka sehemu ile ipite. Mwenyewe hakujua kwamba kimesimama. "Siku hiyo," Mzee alisema, "nilipata mhakiki asiyekuwa na adabu."

Basi ndivyo tulivyofanya kazi. Kila Alhamisi tuliyokuwa na mswada, saa nne asubuhi, Mzee aliutoa mmoja kwenye sanduku. Jina la mwandishi alikuwa ameshalifunika kwa kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa ugali, ili nisilisome kwa bahati mbaya. Nilikaa juu ya gunia la mkaa karibu na mlango, penye mwanga. Ma Anastazia alikaa ng'ambo ya moto kwenye kigoda chake, mafuta kidogo mikononi kwa ajili ya utomvu, beseni mbele yake. Mzee aliketi pembeni na daftari alilolichora mistari, na hakunitazama mimi hata mara moja. Alitazama kisu. Karatasi kumi za mwanzo, visimamo vitatu. Ikiwa vitatu vimetimia, mswada ulisomwa wote na kujadiliwa. Visipotimia, uliandikiwa barua na kurudishwa. Ma Anastazia alikuja kujua kwamba mkono wake unaandikwa, lakini hilo halikubadilisha kitu. "Mkono wangu hauniulizi," alisema. Alichoshindwa ni kunyamaza. "Ma Anastazia, tumekubaliana, maneno ni mwishoni," Mzee angesema. Naye: "Nitanyamazaje, Mzee, mtu anaoa mke na hajatuambia mke katoka kwa nani? Huyo si mke, ni kuku wa mtaani." Halafu tungekula, maana kusoma kuliishia pale sufuria ilipopanda jikoni, na mpaka leo siwezi kusikia harufu ya jani la mgomba likifunikwa juu ya ndizi na maharage bila kujiuliza ni nani amekataliwa.

Mwaka ule karatasi ilikuwa ya kitabu kimoja tu. Ilikuja kwa meli kutoka Mwanza, rimu kwa rimu, ikawekwa chini ya kitanda cha Mzee na kufunikwa nailoni. Kufikia Oktoba tulikuwa tumeshasoma na kurudisha miswada tisa, na sandukuni ilibaki miwili. Mmoja ulikuwa wangu. Mzee hakujua. Nilikuwa nimeunakili kwa herufi za kusimama, si kwa mwandiko wangu wa kila siku, nikapanda gari hadi Muleba na kuutia posta kwa jina la uongo. Ulikuwa hadithi ya meneja mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Edwin. Dar es Salaam nilikuwa sijafika. Kila neno gumu la daftari langu nilikuwa nimelipatia mahali pake katika maisha ya Edwin, na niliamini, kwa uhakika wa mtu ambaye hakuna mwalimu aliyewahi kumsahihisha, kwamba hicho ndicho kitabu ambacho karatasi ile ilikuwa ikikisubiri.

Mswada wa pili niliupokea kwa mikono yangu. Ma Yustina alifika kwa miguu kutoka stendi, mwanamke wa miaka kama thelathini, kitenge cha msiba bado begani, na mtoto wa kike wa miaka saba akimfuata nyuma. Mzee alikuwa ametoka. Ma Anastazia alikuwa sokoni. Nilimpa kiti, nikampa na kahawa ya kutafuna kwenye kisahani kama inavyopasa kwa mgeni, naye akachukua punje mbili, moja akampa mtoto. Kisha akatoa kifurushi kilichofungwa kwa ganda la mgomba lililokauka. Ndani kulikuwa na karatasi arobaini na moja, zimeandikwa upande mmoja kwa kalamu ya wino wa buluu, bila namba.

"Ni hadithi?" nilimuuliza.

"Ni kibanja chetu, kaka. Cha Izigo. Mume wangu amefariki mwezi wa tano. Ukoo utakaa msimu wa senene, na wakishakaa shemeji zangu watakichukua, kwa sababu sina mtoto wa kiume. Hilo nalijua, sikuja kulilia hapa." Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya kitu. "Lakini migomba ile ina majina. Ina habari zake, nani aliupanda upi na siku gani. Baba mkwe alinifundisha yote. Shemeji zangu wanakaa Bukoba mjini na Mwanza, hawajui hata mmoja. Kwa hiyo nimeiandika yote, mgomba kwa mgomba, kuanzia mlangoni. Ardhi watachukua. Nataka huyu," akamgusa mtoto kichwani, "awe nacho kwenye kitabu. Kitabu hakuna mtu wa ukoo atakayekuja kukikalia kikao."

Mtoto alikuwa akitafuna ile kahawa kwa bidii, uso umekunjamana kwa uchungu wake, lakini hakuitema.

"Anaitwa nani?"

"Kemilembe."

Nikamwambia tutamwandikia. Alipokwenda nilisoma karatasi tano za mwanzo nikiwa nimesimama, na kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Karatasi ya kwanza inaingia mlangoni mwa kibanja na kugeuka mkono wa kulia. Ya pili inafika kwenye mgomba wa aina ya entobe ulio kando ya kaburi. Ya tatu inaacha migomba kabisa na kuzungumza na mtoto. Ya nne inarudi kwenye migomba. Nikairudisha ile ya tano mahali pake. Mimi nilikuwa na maneno elfu moja ya kamusi ndani ya Edwin. Yeye hakuwa na neno hata moja ambalo ningehitaji kuliandika kwenye daftari langu, na nilijua, kama mtu anavyojua kuwa mvua inakuja, kwamba kisu kingesimama.

Kilisimama. Alhamisi ile nilianza kusoma vizuri, naomba hilo liandikwe, kwa sababu mazoea ya kazi yana nguvu kuliko nia mbaya. Mgomba wa kwanza mkono wa kulia, enshakara, umeinama kidogo kama mtu anayesikiliza mlangoni. Ma Anastazia aliguna. Nikaingia karatasi ya pili, ile entobe kando ya kaburi ambayo ilizaa mkungu wiki ya matanga, na watu wote wakaogopa kuukata, mpaka Ma Yustina akaukata mwenyewe na kuwapikia. Kimya. Ganda halikudondoka. Nikasikia penseli ya Mzee ikigusa daftari. Sikuinua macho. Nilifika mwisho wa karatasi ya pili, nikalowesha kidole gumba, nikageuza karatasi mbili kwa pamoja.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilipanga. Nadhani sikupanga. Lakini kidole changu hakikukosea katika kazi ile, hakikuwahi kugeuza mbili kwa pamoja kabla ya siku hiyo wala baada yake, na nilipoona kwamba nimefika ya nne niliendelea kusoma bila kukohoa. Bila karatasi ya tatu msikilizaji hajui kwamba kuna mtoto. Hajui ni nani anayeelezwa. Migomba inabaki migomba: enchoncho mbili, entobe nyingine, enkonjwa nyuma ya choo. Baada ya muda nikasikia ganda likidondoka, kisha jingine. "Mawe! Mama yangu!" Ma Anastazia akasema. "Huyu anatuhesabia ndizi. Si hata mimi nina kibanja? Nimhesabie na yeye?" Mzee hakumkemea. Kisu kilisimama mara moja zaidi, kwenye mgomba uliopandwa siku Kemilembe alipozaliwa, lakini kwa kuwa hakuna aliyejua Kemilembe ni nani, kilisimama kidogo tu na kuendelea. Nilisoma hadi karatasi ya kumi na moja, ili zilizosomwa ziwe kumi kamili. Hata katika ubaya nilikuwa na utaratibu.

"Viwili," Mzee alisema, akizungusha penseli. Hakufurahi. "Kumi zimetimia?"

"Zimetimia, Mzee."

"Kuna kitu kilitaka kunishika hapa mwanzoni. Halafu kikaniachia." Alihesabu tena alama za daftarini. "Lakini sheria ni vitatu. Nikianza kuona huruma tutarudi kwenye kasinge. Mwandikie."

Alhamisi iliyofuata nilimsoma Edwin. Nilisoma kama mhubiri wa Pasaka. Nilipandisha sauti, nilishusha, nilitulia panapostahili kutulia. Maganda yalidondoka kama mvua ya mawe. "Huyu Edwin," Ma Anastazia aliuliza kwenye karatasi ya nne, "hana kwao? Amekunywa chai mara tatu na jua halijapanda. Anafanya kazi saa ngapi?" Mzee akasema, "Ma Anastazia." Naye akajibu, "Nimenyamaza." Kwenye karatasi ya saba kisu kilisimama. Nikapoteza mstari. Nikainua macho, nikaona ameinua ndizi kwenye mwanga wa mlango. "Hii imeingia funza," alisema, akaitupa nje. Mzee akafuta alama aliyokuwa ameiandika. Mwisho alisema, bila ubaya wowote, "Huyu ni kijana. Jiji hajaliona. Ameyaona maneno tu. Mwandikie barua nzuri, Projestus, asivunjike moyo." Nikaenda chumba cha kati na kujitaipia barua ya kujikataa, nikaitia kwenye bahasha, nikaipeleka posta. Kabla yake nilikuwa nimetaipu ile ya Ma Yustina. Zote mbili zilianza kwa sentensi moja, ile tuliyoitumia daima: Karatasi kumi za mwanzo za mswada wako zimesomwa kwa makini na kwa ukamilifu. Katika barua moja ilikuwa kweli.

Kitabu kilichopata karatasi mwaka ule kilikuja kwa basi la mwisho la Novemba. Ulikuwa mwongozo wa ufugaji wa kuku, kazi ya bwana mifugo mmoja mstaafu. Kuku wa Ma Anastazia walikuwa wakifa wiki ile. Kisu kilisimama mara saba, na mara ya nane alikiweka chini kabisa akauliza, "Rudia hapo kwenye mavi ya kijani." Kilikuwa kitabu kizuri na kiliuzika chote. Sina ugomvi nacho. Ninachosema ni kwamba nilichoiba hakikunifikia hata mimi.

Ma Yustina alirudi msimu wa senene ulipokuwa ukiisha. Nakumbuka kwa sababu Ma Anastazia alikuwa amekaa mlangoni pa jiko akiwachambua, mbawa huku, miguu huku, na nyumba nzima ilinuka kukaanga. Safari hii hakuja na mtoto. Ukoo ulikuwa umekaa. Hakutusimulia, alisema tu, "Wamekaa," kama mtu anavyosema mvua imenyesha. Nikampa kifurushi chake. Alikaa chini, akakifungua, akazihesabu karatasi zote mbele yangu, moja moja, midomo ikicheza, hadi arobaini na moja.

"Zote zipo," alisema.

Ma Anastazia alitambua kwamba ndiye yule wa migomba, akamhurumia. Alimletea sahani ya senene na maji ya kunawa. "Usivunjike moyo, mwanangu. Unaandika vizuri, macho yanaona. Ila ulituhesabia tu. Mtu anataka kujua anahesabiwa kwa nini."

Ma Yustina alimtazama. "Na pale ninapozungumza na mtoto?"

"Mtoto yupi?"

Nilisema, "Gari la Izigo linaondoka saa nane." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko chumba kile kilivyohitaji. Ma Yustina akainuka mara moja, kwa aibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba amekaa mno. Alishukuru kwa senene ambao hakuwala. Ma Anastazia alibaki na sahani mkononi, akinitazama mimi. Hakuuliza kitu. Wala siku ile, wala kesho yake, wala miaka sita niliyokaa pale baadaye. Lakini Alhamisi iliyofuata nilipofika jikoni nilikuta amehamisha kigoda. Hakuwa tena ng'ambo ya moto. Alikuwa upande wangu, begani kwangu kabisa, mahali ambapo mtu asiyejua kusoma anaweza kuona vizuri mikono ya anayesoma ikigeuza karatasi. Mzee aliuliza kwa nini. "Moshi," alisema. Nami nilijiambia ni moshi. Alikaa hapo hadi nilipoondoka.

Sasa nina miaka hamsini na mmoja. Ninataipu na kusahihisha kazi za watu wengine, ripoti za parokia, tasnifu, wasia, na nina sifa mjini Bukoba ya kutoruka hata mstari. Sifa hiyo nimeijenga kwa woga. Siku ya mazishi, watu walipokwenda kula, nilivuta kiti karibu na Mzee Kaiza nikamwambia yote, kwa mpangilio, kama nilivyoandika hapa. Nilikuwa nimetarajia, naona haya kusema, kwamba angeniambia alijua siku zote. Hakujua. Niliona kwenye uso wake kwamba nilikuwa nikimpa mzee wa miaka themanini na sita kitu kipya cha kubeba.

"Kilisimama karatasi ya pili," alisema. "Kikasimama kirefu. Halafu kikaondoka ghafla. Nimekuwa nikidhani mwanamke yule alianza vizuri akashindwa. Nimewaambia waandishi wengi habari zake, bila jina. Msiwe kama yule, niliwaambia, aliyeanza vizuri." Alivuta blanketi. "Kumbe kisu hakikukosea."

"Nisamehe, Mzee."

"Unaniambia mimi ili nifanye nini? Kampuni imefungwa. Huyu tumeshamfukia." Alinyoosha kidole kuelekea barabarani, si kwa hasira, kama alivyokuwa akinionyesha zamani mahali pa kuweka aya mpya. "Izigo ni hapo."

Nilikwenda Jumatatu. Sikumkuta Ma Yustina, alifariki miaka minne iliyopita. Nilimkuta Kemilembe, mwalimu wa shule ya msingi, katika nyumba ya kupanga karibu na senta, yenye uwanja mdogo nyuma na migomba isiyozidi mitano. Alikuwa akimenya ndizi kwenye baraza. Nilimwambia mimi ni nani kabla sijakaa, na nilifanya nini, kwa sababu sikutaka anikaribishe bila kujua. Alinisikiliza bila kuacha kazi. Kisha aliingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki, na ndani yake karatasi zile, zimekuwa za kahawia kingoni. Migongo ya zote ilikuwa imejaa hesabu za kuzidisha na kugawanya, kwa mwandiko wa mtoto.

"Nilijifunzia hesabu hapo," alisema. "Mama alisema karatasi nzuri zisipotee bure. Hakuandika tena. Alikuwa akisema ama wao walisoma vibaya ama yeye aliandika vibaya, na hawezi kujua lipi. Mwisho akachagua kwamba aliandika vibaya."

"Hakuandika vibaya."

"Najua. Mimi nimesoma pande zote mbili."

Nilimuuliza kuhusu kibanja. Alisema mnyauko wa migomba ulipoingia miaka ile, baba zake wadogo waling'oa kila kitu wakapanda mikaratusi. Hakuna hata enshakara ya mlangoni. Ukipita pale leo, alisema, utadhani hapajawahi kuwa na mtu. Nikamwambia nataka kuitaipu kazi yote, nitafute wa kuichapisha, na kama hayupo nitaichapisha mwenyewe. Alinisogezea kigoda kingine kwa mguu, akanipa zile karatasi, akaketi kwenye chake, akachukua kisu na ndizi.

"Kwanza soma," alisema. "Kwa sauti. Nikusikie."

Nilisoma. Enshakara ya mlangoni, iliyoinama kama anayesikiliza. Entobe ya kando ya kaburi, mkungu wa wiki ya matanga. Nilisikia maganda yakidondoka kwenye sinia. Nilipofika mwisho wa karatasi ya pili nililowesha kidole gumba, nikaishika inayofuata, nikaisugua ili kuhakikisha ni moja, nikaigeuza.

"Mwanangu Kemilembe," nilisoma, "hii yote sikuhesabii kwa sababu itakuwa yako. Ingekuwa yako ningekuacha uijue kwa miguu."

Sikuinua macho kutazama kisu.